Gitaa Kongwe la Mlimani: Usafi na Ukarabati wa Ala za Nyuzi Kilimanjaro

Gitaa kavu, yaani gitaa lisilotumia umeme na ambalo sauti yake hukuzwa na sanduku lake la mbao pekee, lina mahali pake katika historia ya muziki wa Kilimanjaro. Moshi ndiko alikozaliwa mwaka 1927 Frank Humplick, mtoto wa baba Mzungu na mama Mchagga, ambaye katika miaka ya 1950 aliimba kwa Kiswahili na Kichagga pamoja na dada zake, Thecla na Maria, sauti zao tatu zikisindikizwa na gitaa, na ambaye santuri zake zilisikika kotekote Afrika Mashariki. Ala za umri wa santuri hizo ni urithi, hata zinapokutwa darini au uvunguni zikiwa zimekatika nyuzi. Kuzirejesha katika hali ya kupigika kunahitaji subira na uelewa wa hewa ya mlimani kuliko vifaa vya gharama, na fundi anayeifanya kazi hiyo vizuri hujulikana zaidi kwa kile alichokiacha bila kukigusa.

Ukarabati huanza kwa kuitambua ala kabla ya kuishika kwa kitambaa. La kwanza kuchunguzwa ni ubao wa juu, ule wenye tundu la sauti, kwa sababu ndio unaotetemeka na kuisukuma hewa. Ubao mzima, yaani uliopasuliwa kutoka kwenye gogo na kubaki kipande kimoja, huonyesha ukingoni mwa tundu mistari ileile ya mti iliyo juu yake, ilhali plaiwudi huonyesha matabaka membamba yaliyobandikwa pamoja. Katika kundi hili la pili yamo magitaa ya Gallotone ya Afrika Kusini, ambayo wapigaji wa zamani waliyaita galatoni. Gitaa la Gallotone Champion alilolipiga mwanamuziki John Lennon wa Uingereza mwaka 1957, siku alipokutana na mwanamuziki mwenzake Paul McCartney, lilikuwa na kibandiko ndani yake kilichomhakikishia mnunuzi kwamba halitapasuka. Ahadi ya namna hiyo ina msingi, kwa kuwa matabaka ya plaiwudi huwekwa kwa mielekeo inayopishana na hivyo huzuiana yasipasuke, lakini plaiwudi ina maradhi yake, nayo ni kubanduka matabaka pale unyevu unapoidhoofisha gundi.

La pili kutambuliwa ni aina ya nyuzi ambazo ala iliundwa kuzibeba. Ukulele, ala ndogo ya nyuzi nne iliyozaliwa Hawaii baada ya mafundi wa Kireno kutoka Madeira kuwasili huko mwaka 1879, na vilevile gitaa la mtindo wa Kihispania, ziliundwa kwa nyuzi za utumbo wa mnyama, ambazo nafasi yake ilichukuliwa na nailoni baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Magitaa mengine yaliongezewa nguvu kwa mbavu za ndani, yaani vijiti vya mbao vinavyouimarisha ubao kutoka chini, ili yastahimili nyuzi za chuma. Nyuzi sita za chuma zikikazwa hadi sauti yake ya kawaida huvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 70, ambayo ni karibu mara mbili ya mvuto wa nailoni. Zikifungwa kwenye ala ya nailoni huung'oa msingi wa nyuzi, kipande cha mbao kilichobandikwa juu ya ubao ambacho mafundi hukiita daraja, au huuvimbisha ubao wenyewe. Ala nyingi zilizoharibika kwa namna hii hazikuharibiwa na uzee, bali na mtu aliyetaka sauti kubwa zaidi.

Hata hivyo, kinachozidhuru ala za mbao mkoani Kilimanjaro kuliko yote ni mabadiliko ya unyevu. Mbao hufyonza maji ya hewani na kuyatoa tena, na katika kufanya hivyo hupanuka na kusinyaa kwa upana, huku urefu wake ukibaki karibu vilevile. Ndiyo maana nyufa hufuata mistari ya mti na ndiyo maana hutokea zaidi pale mbao inapokauka upesi. Mafundi wa ala hupendelea hewa yenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Gitaa lililozoea hewa ya Kibosho au Marangu, ambako ukungu na mvua za masika za Machi hadi Mei hukilowesha kila kitu, likiteremshwa ghafla hadi Moshi mjini au tambarare za Kahe katika joto kavu la Januari na Februari, hukauka kwa kasi kuliko uwezo wa viungo vyake kuhimili. Kwa hiyo ala iliyotolewa mahali pa mbali hulegezwa nyuzi, hufungiwa ndani ya kasha na kuachwa kwa wiki mbili au tatu izoee hewa mpya, na ndipo fundi huamua ni ufa upi wa kweli na upi utakaojifunga wenyewe.

Usafi huanzia ndani. Kwa tochi na kioo kidogo hukaguliwa kama kuna kibandiko cha kiwanda, sahihi ya fundi au mwaka ulioandikwa kwa penseli, kwa kuwa maandishi hayo ndiyo cheti cha kuzaliwa cha ala na hayapaswi kuguswa. Hukaguliwa pia vitundu vidogo vinavyodondosha unga, ambavyo ni dalili ya bungua, mdudu atobaye mbao. Vumbi lililogandamana huondolewa kwa mbinu ya miaka mingi: konzi mbili za mchele mkavu uliopepetwa humiminwa kupitia tundu la sauti, ala ikatikiswa taratibu, kisha mchele ukamwagwa nje ukiwa umekokota vumbi na utando wa buibui. Mbinu hii huachwa pale kibandiko kinapokuwa kimeanza kubanduka.

Kwa nje, kitambaa cha pamba kilichonyevushwa kidogo tu kwa maji na kufuatwa papo hapo na kitambaa kikavu hutosha kwa vumbi, na masizi yenye mafuta ya vidole hutoka kwa nafta, kimiminika chepesi cha kujazia viberiti vya petroli, ambacho hutumika mbali na moto na mahali penye hewa ya kutosha. Spiriti na thina hazifai kwa usafi, kwa sababu ndizo zinazoyeyusha rangi za kale za kung'arisha mbao: spiriti huyeyusha shelaki, inayotokana na utomvu wa wadudu, na thina huyeyusha lakeri ya nitroselulosi, iliyotumiwa sana viwandani tangu miaka ya 1920. Polishi ya samani yenye silikoni nayo huepukwa, kwani huacha utando unaoizuia gundi na vanishi isishike siku za mbele. Msasa ndio hatari kuliko vyote, kwa kuwa ngozi ya asili ya ala ikishapigwa msasa hairudi.

Nyufa na viungo vilivyoachia hudai gundi, na hapo ndipo tofauti ya ukarabati mwema na mbaya huonekana. Gundi ya ngozi za wanyama, inayoyeyushwa ndani ya chombo kilichowekwa katika maji ya joto la nyuzijoto 60 hivi, hushika kwa nguvu lakini hulainika tena kwa joto na unyevu, hivyo fundi wa kizazi kijacho anaweza kuifungua kazi na kuirekebisha. Gundi ya epoksi haitoi nafasi hiyo. Ufa ukishafungwa huimarishwa kwa ndani kwa vibao vidogo vyenye unene wa milimita 2 hivi vinavyobandikwa kuuvuka, na saiprasi iliyonyooka isiyo na vifundo, mti unaopandwa katika mashamba ya Kilimanjaro Magharibi, hufaa kwa kazi hiyo.

Pale daraja au ubao wa vidole, yaani ule wa shingoni ambako nyuzi hubanwa, unapolazimika kubadilishwa, mbao iliyo bora haipo mbali. Mpingo, mti mzito unaozama majini na ambao dunia nzima huutegemea kwa klarineti na zumari, hutumika pia kwa sehemu hizi za gitaa. Mti huo huchukua miaka 70 au zaidi kufikia ukubwa wa kuvunwa, na kwa kulitambua hilo mtaalamu wa mimea Sebastian Chuwa wa Kilimanjaro na Mmarekani James Harris walianzisha mwaka 1996 mradi wa kuupanda na kuuhifadhi, wenye makao yake Moshi. Kwa gitaa moja hutosha kipande kilichobaki katika karakana ya mchonga vinyago, wala hakuna haja ya kuangusha mti.

Kila hatua ya kazi yapasa kuandikwa: kilichokutwa, kilichobadilishwa, gundi iliyotumika na tarehe, na karatasi hiyo kuwekwa ndani ya kasha pamoja na vipande vya zamani vilivyoondolewa. Ujuzi unaohitajika hapa, wa kusoma mistari ya mbao, kunoa patasi na kupima unyevu, tayari unafundishwa kwa wanafunzi wa useremala katika vyuo vya ufundi nchini. Wakiongezewa masomo machache ya ala za muziki, magitaa ya miaka ya Humplick yatapata waganga wao papa hapa mlimani, nayo familia zinazoyamiliki zitakuwa na sababu ya kuyatoa darini na kuyapeleka kwa fundi badala ya kuyaacha yaliwe na bungua.