Tone la Damu Chini ya Mikroskopi

Katika jamaa zetu nyingi, mtoto akiugua tena na tena, akilia kwa maumivu ya mifupa na macho yake kuwa manjano, watu huanza kunong'ona. Wengine humshitaki nyanya kwamba ni mchawi. Wengine humsingizia mama kwamba ameleta damu mbaya nyumbani. Wazazi wapenzi, yafaa tujue mambo ambayo jicho tupu haliwezi kuyaona.

Damu si maji mekundu matupu. Ndani yake zimo seli, ndizo chembe hai ndogo mno. Seli nyekundu 100 zikipangwa mstari mmoja hazifikii urefu wa milimeta 1.

Ili kuziona, fundi wa laboratwari huchoma ncha ya kidole, huweka tone juu ya kioo, kisha hulitandaza kwa ukingo wa kioo kingine mpaka damu iwe utando mwembamba. Ukikauka, huuimarisha kwa alkoholi, halafu huutia rangi. Rangi itumikayo sana ina jina la Gustav Giemsa, mkemia wa Hamburg, aliyeieleza mwaka 1904. Kwa rangi hiyo seli nyekundu huonekana za waridi, na viini vya seli nyeupe huwa zambarau. Lenzi ya chini hukuza mara 100, ile ya jichoni mara 10: jumla mara 1,000.

Mwaka 1910, mganga James Herrick wa Chicago alitangaza kwamba katika damu ya kijana mmoja mwanafunzi, mzaliwa wa kisiwa cha Grenada, aliona seli nyembamba zilizopindika kama mundu. Mwaka 1917, Victor Emmel alifungia tone la damu chini ya kioo bila hewa kupita. Damu ya baba wa mgonjwa mmoja, ambaye mwenyewe hakuugua, ikapindika vilevile! Mwaka 1949, James Neel akaeleza wazi kwamba ugonjwa huo, ambao kwetu huitwa SS, hurithiwa kwa baba na mama pamoja.

Hata leo fundi huweza kuchanganya damu na dawa inayoondoa oksijeni, akaifunika kwa kioo na kungoja seli zipindike. Lakini kipimo hiki peke yake hakitoshi, kwa maana hakimtengi mgonjwa wa SS na mtu mzima wa afya mwenye AS. Ni lazima kipimo kingine, kinachotenganisha aina za hemoglobini kwa nguvu ya umeme.

Tuzingatie basi. Baba na mama wote wawili wakiwa AS, kila mtoto wao ana nafasi 1 katika 4 ya kuwa SS. Mmoja akiwa AS na mwenzake AA, hakuna mtoto wao atakayekuwa SS. Kwa hiyo mume anayemfukuza mkewe kwa sababu ya ugonjwa huu amemdhulumu, kwani nusu ya urithi ule imetoka kwake mwenyewe. Na nyanya aliyeshitakiwa hana kosa lolote.

Vijana wanaojitayarisha kwa Sakramenti ya Ndoa wapimwe damu mapema, kabla ya mahari kutolewa. Naye mtoto mgonjwa apelekwe hospitali upesi, hasa akipata homa. Afadhali tone moja la damu kwenye kioo kuliko machozi mengi na chuki katika ukoo.