Elimu ya Meno Imetoka Mjini: Je, Imefika Nyumbani Kwako?

Jino likituuma hapa Ufipa tunajua dawa mbili: karafuu, halafu koleo. Mtu huweka karafuu siku ya kwanza, husukutua maji ya chumvi siku ya pili, na baada ya usiku wa tatu bila usingizi hupanda gari kwenda Sumbawanga mjini. Akifika kwa mganga wa meno, neno lake la kwanza ni, "Ning'oe tu nipumzike." Wengi wetu hatujui kwamba wanaosomea meno siku hizi hufundishwa mengi zaidi ya kung'oa. Mafunzo yao yamebadilika sana, na sisi akina mama tunapaswa kuyajua mabadiliko hayo, kwa kuwa vinywa vya watoto viko mikononi mwetu.

Kutoka ng'ambo hadi Mbeya

Wengi mnalijua jina la Adriano Atiman, ambalo limepewa hospitali hapa Sumbawanga. Alisomea utabibu huko Malta, akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889, na akaishi huko akitibu watu hadi alipofariki mwaka 1956. Utabibu wake, basi, aliusomea ng'ambo.

Kwa madaktari wa meno hali hiyo iliendelea kwa muda mrefu. Kijana wa Tanzania aliyetaka shahada ya udaktari wa meno alilazimika kwenda nchi za nje, mpaka mafunzo hayo yalipoanzishwa Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 1979. Kwa miaka mingi Muhimbili ilikuwa mahali pekee nchini pa kupata shahada hiyo. Mwanafunzi husoma miaka 5, kisha hufanya kazi mwaka mmoja chini ya uangalizi kabla ya kujitegemea.

Kumwandaa daktari mmoja ni kazi ndefu, na wengi wakimaliza hubaki miji mikubwa. Ndiyo maana yakawepo pia mafunzo ya matabibu wa meno, ambao husoma miaka 3 na kupata stashahada. Vyuo vya Mbeya na Tanga vimewafundisha kwa muda mrefu. Tabibu wa namna hiyo ndiye mara nyingi utakayemkuta katika hospitali ya wilaya. Mbeya iko zaidi ya kilomita 300 kutoka Sumbawanga, lakini ni jirani yetu ukilinganisha na Dar es Salaam.

Namna ya kufundisha nayo imebadilika. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kilianza kutumia mitaala inayopima kile ambacho mwanafunzi anaweza kukitenda, wala si yale tu aliyoyakariri. Lazima aonyeshe kwamba anaweza kuzungumza na mgonjwa, kugundua tatizo na kulitibu.

Kuziba jino bila umeme

Sasa nisikilizeni vizuri, maana habari hii inatuhusu sisi wa vijijini. Katikati ya miaka ya 1980, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Mholanzi Jo Frencken, walikuwa wakitafuta njia ya kutibu meno mahali pasipo na umeme. Mashine ya kutoboa jino haiwezi kufanya kazi bila umeme, na jino lililotoboka lilikuwa likiishia kung'olewa. Wakaanza kuondoa sehemu iliyooza kwa vyombo vidogo vya mkono, kisha wakaliziba tundu. Hakuna mashine inayolia, na mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki.

Siku hizi tundu huzibwa kwa glasi ayonoma, unga unaochanganywa na majimaji yake hadi ukawa kama saruji laini. Hushikamana na jino, na hutoa floraidi kidogo kidogo, madini yanayolipa jino nguvu. Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo mwaka 1994, na mwaka 2021 likaiingiza glasi ayonoma katika orodha yake ya dawa muhimu. Leo njia iliyoanzia kwetu Tanzania inatumika katika nchi nyingi.

Basi, mama, ukimpeleka mtoto mwenye tundu dogo, usianze kwa kusema, "Mng'oe." Uliza, "Je, jino hili linaweza kuzibwa?" Lakini usingoje mpaka shavu livimbe. Uozo ukishafika ndani kabisa na usaha ukajikusanya, kuziba hivyo hakutasaidia.

"Meno ya plastiki"

Lipo jambo ambalo chuo peke yake hakiwezi kulimaliza. Katika sehemu mbalimbali za nchi yetu, mtoto mchanga akiharisha au akipata homa, bibi au jirani humfungua kinywa, akaona uvimbe mweupe kwenye fizi na kusema, "Ana meno ya plastiki." Mtoto hupelekwa kwa mtu wa kumchana fizi kwa kisu, msumari au spoku ya baiskeli. Watafiti wa Muhimbili walilichunguza jambo hilo katika miaka ya 1990.

Hakuna meno ya plastiki. Kinachoonekana ni chipukizi la jino la chonge la utotoni, ambalo bado ni laini kwa sababu halijakomaa. Ukilitoa unamtia mtoto hatarini: damu nyingi, pepopunda, virusi vya UKIMWI kutoka kwenye chuma kilichotumika kwa mwingine, na hata kuharibika kwa jino la ukubwani lililo chini yake. Na ugonjwa wenyewe unabaki palepale. Mtoto anaungua na malaria, au anakauka maji kwa kuharisha, huku muda ukipotea kwa mchanaji.

Mtoto akiharisha, endelea kumnyonyesha, mpe maji ya ORS na umwahishe zahanati, ambako atapewa pia zinki. Akiwa na homa, apimwe malaria. Shangazi au mama mkwe akisisitiza achanwe, usigombane naye. Mwambie kwa heshima, "Mama, twende wote kliniki tukamsikilize muuguzi." Mara nyingi akisikia kwa masikio yake hubadilika, na kesho yeye ndiye atakayewafundisha wengine.

Darasa la nyumbani

Hebu tuanze na haya machache:

Anza kusafisha jino la kwanza linapoota. Mtoto wa chini ya miaka 3 atumie dawa ya meno yenye floraidi kiasi cha punje ya mchele. Wa miaka 3 hadi 6 atumie kiasi cha punje ya njegere. Mswakie wewe asubuhi na kabla ya kulala, mpaka mikono yake ipate ustadi.

Uji wetu wa ulezi ni chakula kizuri. Kinachouharibu ni sukari tunayoimimina. Ipunguze, na pipi na soda zisiwe za kila siku. Usimlaze mtoto na chupa ya kinywaji kitamu mdomoni.

Mswaki wa mti si aibu kwa watu wazima. Tafuna ncha mpaka ilainike, kisha sugua taratibu bila kuumiza fizi.

Angalia kinywa cha mtoto kila mwezi penye mwanga. Doa jeupe kama chaki au tundu la kahawia ni sababu ya kwenda kwa tabibu mapema, kabla maumivu hayajaanza.

Na binti yako anayependa Biolojia na Kemia asikatishwe tamaa kwa kuambiwa kwamba kazi ya meno ni ya wanaume. Ufipa inamhitaji tabibu atakayemweleza bibi wa kijijini kwa Kifipa kwamba jino la mjukuu wake linazibika. Msichana wa namna hiyo huenda yuko jikoni kwako sasa, akiosha vyombo. Mpe nafasi ya kusoma.