TAARIFA YA MVUA HAIJI BURE

Imeandikwa na Bwana Shamba

Ndugu msomaji, kila siku redio hutangaza hali ya hewa. Mtangazaji husema mvua itanyesha wapi. Husema upepo utavuma kutoka upande gani, na mawimbi ya bahari yatakuwa na kimo gani. Mkulima husikiliza. Mvuvi husikiliza. Hakuna anayedaiwa hata senti moja kwa kusikiliza.

Kwa sababu hiyo wengi hudhani kwamba habari hiyo haina gharama. Wakulima huniuliza: "Bwana Shamba, hawa wataalamu wanajuaje mvua ya mwezi ujao? Na kwa nini Serikali itumie fedha kupima upepo na bahari, wakati zahanati inakosa dawa?"

Maswali hayo ni ya haki. Tuyajibu moja moja.

MVUA HUANZIA BAHARINI

Mvua ya shamba lako huanzia mbali. Maji ya bahari yakipata joto hugeuka mvuke. Mvuke hupanda angani. Upepo huubeba mpaka nchi kavu. Huko juu mvuke hupoa, ukawa mawingu, na mawingu huleta mvua. Basi anayetaka kujua mvua za msimu ujao ni lazima apime joto la bahari.

Bahari ya Hindi ni jirani yetu. Lakini hata bahari ya Pasifiki, iliyo kati ya Asia na Amerika, inatugusa. Kila baada ya miaka michache maji ya Pasifiki yaliyo karibu na ikweta hupata joto kuliko kawaida. Hali hiyo huitwa El Niño. Jina hilo hutamkwa "el ninyo". Wakati huo pepo za dunia hubadilika. Huku kwetu Afrika Mashariki, mara nyingi mvua za vuli huzidi kiasi.

Wengi bado wanazikumbuka mvua za El Niño za mwisho wa 1997 na mwanzo wa 1998. Barabara na reli zilikatika. Mazao yalioza shambani. Homa ya Bonde la Ufa iliua watu na mifugo katika Kenya, Somalia na Tanzania. Maji yaliyopata joto upande wa pili wa dunia yalichangia hasara hiyo.

NANI HUPIMA BAHARI HIYO?

Kazi kubwa ya kupima Pasifiki hufanywa na shirika la serikali ya Marekani liitwalo NOAA. Hutamkwa "Noa". Ni shirika la taifa la mambo ya bahari na anga. Liliundwa mwaka 1970 kwa kuunganisha idara za zamani. Idara moja ilikuwa ya kupima pwani, iliyoanza mwaka 1807. Nyingine ilikuwa ya hali ya hewa, iliyoanza mwaka 1870.

Shirika hilo hutumia kiasi cha dola bilioni 6 kwa mwaka. Ni fedha nyingi sana. Lakini ukizigawa kwa watu wote wa nchi hiyo, ni kiasi cha dola 18 kwa kila mtu kwa mwaka mzima. Fedha hizo hutoka katika kodi. Kila mwaka Bunge lao hukaa na kuamua zitolewe kiasi gani.

Hebu tuone zinafanya kazi gani.

Mwaka 1982 El Niño kubwa ilianza, na wataalamu hawakuiona mapema. Wakati huo hapakuwa na vyombo vya kutosha katikati ya Pasifiki. Setilaiti zilikuwepo, lakini mlima wa volkano wa El Chichón ulikuwa umelipuka huko Mexico. Chembechembe zilizotoka humo zilienea angani na kuvuruga vipimo vya setilaiti. El Niño ikakomaa bila watu kuonywa. Peru na Ecuador zilipata mafuriko. Australia ilipata ukame mkali.

Baada ya hasara hiyo, Marekani na nchi nyingine ziliamua kuweka maboya baharini. Boya ni chombo kinachoelea juu ya maji. Hufungwa kwa waya mrefu na nanga, ili kisichukuliwe na mkondo. Boya hupima upepo na joto la hewa. Vipimo vingine hufungwa kwenye waya, hadi mita 500 chini ya maji. Habari hupelekwa kwa setilaiti mpaka kwenye ofisi za wataalamu.

Kazi hiyo ilichukua miaka kumi. Ilipomalizika mwaka 1994, kiasi cha maboya 70 yalikuwa yamepangwa kukata bahari nzima.

Mwaka 1997 El Niño kubwa ilirudi. Safari hii maboya yaliiona ikikua mwezi hadi mwezi. Dunia ilipata habari kabla mvua hazijaanza. Fedha zilizotumika kwa miaka kumi zilikuwa zimenunua miezi michache ya kujiandaa. Miezi hiyo ndiyo mali yenyewe.

USIPOZIBA UFA UTAJENGA UKUTA

Boya si jiwe la kuwekwa na kuachwa. Jua hulichoma na chumvi hulila. Betri zake huisha. Samaki hukusanyika chini yake, wavuvi huwafuata, na mara nyingine vyombo huharibiwa. Kwa hiyo kila mwaka meli lazima iende kulitengeneza.

Marekani ilikuwa na meli ya kazi hiyo iitwayo Ka'imimoana. Mwaka 2012 fedha zilipungua na meli ikasimamishwa. Je, watu waliona tofauti siku ya pili? Hapana. Maboya yaliendelea kuelea. Lakini yalikufa moja baada ya jingine. Mwanzoni mwa mwaka 2014, katika kila habari 100 ambazo maboya ya Marekani yalipaswa kuleta, zilifika kiasi cha 40 tu. Wataalamu walipiga kelele. Mwaka huo huo matengenezo yaliongezwa na maboya mengi yakapona.

Ndugu msomaji, hapa ndipo penye jibu la swali la zahanati. Zahanati ikikosa dawa leo, mgonjwa anaona leo. Atalalamika, na ana haki ya kulalamika. Boya likikosa betri leo, hakuna anayeona leo. Hakuna anayelalamika. Hasara itaonekana msimu ambao mafuriko yatakuja bila onyo. Siku hiyo zahanati hiyo hiyo itajaa wagonjwa wa kipindupindu na malaria.

Dawa haipimwi dhidi ya boya, kana kwamba lazima kimoja kitupwe. Vyote viwili hulinda watu. Lakini fedha za kupima hali ya hewa ni rahisi kukatwa, kwa sababu ukikata leo hakuna anayelia leo.

Tena kuna jambo jingine. Barabara ikiharibika, unaweza kuitengeneza mwakani. Lakini mvua ya jana huwezi kuipima leo. Kipimo kilichokosekana kimepotea milele.

MAMBO YA MWAKA 2025

Mwaka 2025 suala hili lilizuka tena Marekani. Mwezi Februari mamia ya wafanyakazi wa NOAA waliachishwa kazi. Katika vituo kadhaa maputo ya kupima hewa ya juu yalipunguzwa. Kwa kawaida puto hurushwa mara mbili kwa siku. Vituo vingine vilibaki na mara moja, na vingine viliacha kabisa kwa muda.

Baadaye serikali ya nchi hiyo ilipendekeza fedha za NOAA zipunguzwe kwa kiasi cha robo, na idara yake ya utafiti iondolewe. Waliounga mkono walisema serikali inatumia mno, na kampuni za watu binafsi zinaweza kufanya sehemu ya kazi hiyo. Waliopinga walisema hakuna kampuni itakayopeleka meli kutengeneza maboya bila faida. Mwaka huo huo kamati za fedha za Bunge lao zilikataa punguzo kubwa kiasi hicho.

NA SISI JE?

Utasema: "Hayo ni ya Marekani. Yananihusu nini?" Yanakuhusu. Nchi za dunia hupeana habari za hali ya hewa kupitia Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Tanzania hutoa zake na hupokea za wengine. Upepo hauna pasipoti. Nchi moja ikizima vyombo vyake, wengine wote huona kidogo zaidi.

Lakini tusitegemee jicho la jirani peke yake. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa na nguvu sana, lakini mvua za vuli za Afrika Mashariki hazikufikia zile za 1997. Kwa nini? Sababu moja ni kwamba Bahari ya Hindi nayo ina zamu zake za joto na baridi. Haitoshi kupima Pasifiki. Tangu mwaka 2004 Marekani, India, Japani, Indonesia na nchi nyingine zimekuwa zikiweka maboya katika Bahari ya Hindi. Mpango ulikuwa vituo 46. Upande wa Afrika ulichelewa, kwa sababu maharamia wa Somalia walizuia meli.

Hapa nchini kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Hiyo nayo hupata fedha katika bajeti ya Serikali. Faida yake tumeiona. Mwezi Aprili mwaka 1952 kimbunga kiliipiga Lindi. Wakati huo dunia haikuwa na hata setilaiti moja ya hali ya hewa. Mwezi Mei mwaka 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Safari hii Mamlaka ilitoa onyo kabla. Boti za abiria kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa. Wavuvi waliambiwa wasitoke.

Utabiri si uganga. Unaweza kukosea. Lakini hukosea zaidi pale vipimo vinapokuwa vichache.

UFANYE NINI?

Kwanza, sikiliza utabiri wa msimu kabla ya vuli na kabla ya masika, kisha ufuate. Ukitangaziwa mvua chache, panda mtama, mihogo na mbegu za muda mfupi. Ukitangaziwa mvua nyingi, zibua mifereji, tengeneza ghala, na usijenge bondeni.

Pili, linda vyombo. Ukiona kipimamvua shuleni au kituo cha hali ya hewa, usiruhusu watoto wakichezee wala mbuzi waingie. Waya na betri vikiibiwa, kijiji chako kimepofuka.

Tatu, jifunze kupima. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwa kila mita moja ya mraba. Mvua ya milimita 20 huleta katika eka moja kiasi cha lita 80,000. Andika vipimo kila siku katika daftari la kijiji. Sasa unajua kusoma na kuandika, kazi hiyo unaiweza.

Nne, uliza. Mbunge na diwani wakija, waulize juu ya shule, maji na dawa. Kisha ongeza swali moja: "Vyombo vya kupima hali ya hewa katika wilaya yetu vinafanya kazi? Vimetengewa fedha?" Swali lisiloulizwa halina fungu.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini El Niño ya mwaka 1982 haikuonekana mapema?
2. Kwa nini watu hawakuona hasara mara moja meli iliposimamishwa mwaka 2012?
3. Katika kijiji chetu kuna kipimamvua? Nani anakitunza?
4. Mvua ya milimita 10 huleta lita ngapi za maji katika shamba la mita za mraba 100?