Mashine ya boti ilipopata moto, ikakata nguvu baharini

TULIONDOKA Kilwa Kivinje saa moja asubuhi, bahari shwari, kwenda Songo Songo kuwasalimia wakwe zangu. Botini tulikuwa watu 9. Wanne walikuwa watoto, na wawili kati yao ni wangu. Dakika 20 za mwanzo mashine ilikwenda vizuri kabisa. Kisha sauti ikaanza kushuka polepole, kama mtu anayesinzia. Shemeji yangu, ambaye ndiye nahodha, akaongeza moto. Badala ya kukimbia, mashine ikazidi kulegea, ikakohoa, ikazima.

Tukabaki tunayumba pale. Mwanangu wa miaka 4 akauliza kama tumefika. Baada ya kama dakika 10 shemeji akavuta kamba, mashine ikawaka na kwenda kama mpya, halafu baada ya muda ikalegea tena. Ilituzimia mara tatu kabla ya kufika.

“Ikipata moto inakata,” shemeji akasema tukiteremka. “Ikipoa inarudi. Hiyo ni koili.”

Mzazi mwenzangu, kama familia yako inategemea boti, iwe kwa uvuvi, kwa biashara au kwa kumpeleka mtoto hospitali, bila shaka umewahi kuisikia sentensi hiyo. Ina ukweli ndani yake. Waya wa ndani ya koili ukiwa na ufa, ukipata joto unatanuka na cheche inadhoofika. Mashine ya silinda mbili inaweza kubaki na silinda moja, ikatetemeka na kubadilika sauti ghafla. Ikipoa, ufa unakutana tena na mambo yanakuwa kama hayakutokea. Ila koili ni ghali, na yetu ilinunuliwa kwa fedha nilizokuwa nimetenga kwa sare za shule. Ikafungwa. Siku ya pili shemeji akaenda kuijaribu, na dakika 20 baadaye tukamwona kwa mbali, anapiga kasia.

Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu. Hiyo ilikuwa Ijumaa.

Jioni alikuja mzee mmoja anayeheshimika pale kijijini, fundi wa zamani ambaye siku hizi anashona nyavu tu. Hakushika spana. Alikaa juu ya gogo akaanza kumhoji shemeji kama daktari anavyomhoji mama mwenye mtoto mgonjwa.

Swali la kwanza lilikuwa la maji. Nyuma ya mashine kuna kitundu kinachotema maji wakati inapofanya kazi, ushahidi kwamba maji ya bahari yanapanda na kuipoza. Je, wakati inalegea, maji yalikuwa yanatoka kwa nguvu ileile? Yamepungua? Yanatoka ya moto, au mvuke mtupu? Shemeji alijibu kwamba yalitoka vizuri mwanzo hadi mwisho, na mimi nilikuwa shahidi kwa sababu watoto walikuwa wanayachezea macho njia nzima.

Kama yangekuwa yamepungua, mzee alisema, hapo moto ni moto kweli. Ndani ya mguu wa mashine kuna pampu yenye gurudumu dogo la mpira. Mpira huo huliwa na mchanga, hasa kwa boti zinazowashwa kwenye maji mafupi, na ukikaa muda mrefu hukakamaa na kukatika mapezi. Chumvi nayo huganda kwenye njia za maji kama ukoko wa wali. Wakati mwingine ni kitundu chenyewe kimeziba, na waya mwembamba unatosha kukizibua. Baadhi ya mashine mpya zikizidi joto hupiga king’ora na kujipunguzia mwendo zenyewe ili zisiungue. Dawa ya chumvi ni kuiwasha mashine ndani ya pipa la maji baridi baada ya kazi, gia ikiwa huru, maji yakiwa yamepita pale inapovutia. Isiwashwe kabisa ikiwa kavu, maana ule mpira wa pampu huharibika mara moja. Mama mkwe aliposikia habari ya pipa zima la maji ya kisima aliguna, na namwelewa. Visiwani maji baridi yanapimwa kwa ndoo, na si yeye anayeendesha boti bali ndiye anayeyateka.

Swali la pili: ikilegea, ulikikamua kile kipira cha kwenye mpira wa mafuta? Kikoje? Kigumu, laini, au kimebonyea?

Shemeji hakujua. Hakuwa amekigusa.

Basi asubuhi ya Jumamosi wakatoka tena, safari hii karibu na pwani, nanga na kasia ndani, na boti ya jirani ikiwa tayari. Kijana wa shemeji, mwenye miaka 14, akapewa kazi moja tu: kushika kipira na kuliangalia dumu. Sauti ilipoanza kushuka, kijana akapiga kelele. Kipira kilikuwa kimejibana kama chungwa lililokamuliwa, na dumu la mafuta limebonyea mbavu. Mzee akamwambia alegeze kifuniko. Dumu likavuta pumzi, “fyoo,” likarudi umbo lake, na mashine ikapanda sauti palepale, bila kupoa hata dakika moja.

Lilikuwa tatizo la pumzi. Mafuta yakitoka ndani ya dumu lazima hewa iingie mahali pake. Tangi la kiwandani lina kijiskrubu cha hewa kwenye kifuniko, kinachofungwa wakati wa kubeba na kufunguliwa wakati wa kwenda. Dumu letu lilikuwa na tundu lililotobolewa kwa msumari. Likizibwa, mashine inanyonya na kunyonya mpaka inashindwa, na hilo huchukua dakika kadhaa, ndiyo maana kila mtu anadhani ni joto. Ukikaa kusubiri ipoe, hewa inajipenyeza kidogo kidogo, na ukiwasha unaamini kweli ilikuwa inahitaji kupoa.

Mzee aliongeza jambo ambalo lilimnyamazisha shemeji. Mashine zetu nyingi hunywa petroli iliyochanganywa na oili, sehemu 50 kwa moja kwa mashine nyingi, yaani mililita 400 kwa dumu la lita 20, ingawa kitabu cha mashine yako ndicho cha kufuata. Mafuta yakipungua, oili nayo inapungua. Ukiendelea kuongeza moto, pistoni zinasuguana kavu. Tungeweza kuipoteza mashine nzima kwa sababu ya kitundu cha msumari.

Lakini nani alikiziba? Mzee alichomoa kifuniko akakuta mfuko wa nailoni umekunjwa vizuri chini yake.

Nilijua kabla hajamaliza kuunyanyua. Kule Kivinje, wakati tunapakia, nililalamika kwamba dumu linanuka na linarukia kiroba cha mchele, tena mtoto ameketi karibu. Kijana, kwa heshima zake, akalifunga kwa nailoni. Hakusema kitu siku zote hizo, na mimi sikukumbuka. Nilimwomba radhi mbele ya baba yake, maana alikuwa amekwishaanza kuinamisha kichwa kana kwamba kosa ni lake. Mvuke wa petroli ni mbaya kwa watoto na moto wake ni hatari, hilo nasimama nalo. Nilichotakiwa kukihamisha ni mtoto na mchele, vikae mbele upepo unakotoka.

Kama kubonyeza kipira kungeirudisha nguvu, mzee alisema, angeshuku pampu ya mafuta ya kwenye mashine. Kama kipira kingekuwa kigumu na maji yanatoka vizuri, hapo ndipo angekwenda kwenye plagi na koili, na angezipima mashine ikiwa bado ya moto, maana ikipoa ugonjwa umejificha. Koili mpya ilibaki palepale ilipofungwa. Ile ya zamani iko kwenye kopo, shemeji anasema ni akiba.

Jumapili tulirudi Kivinje. Safari hii watoto walivaa maboya kuanzia ufukweni, si kuyakalia kama tulivyofanya wakati wa kwenda. Kijana aliketi nyuma kwenye dumu, na kila baada ya muda alikuwa anakikamua kile kipira bila kuambiwa na mtu. Sare tulinunua moja moja, ya pili ikasubiri mwezi ujao.