Acha Pawa Saplai Ikuchagulie Kadi

Ukiingia dukani kutafuta kadi ya grafiki, mara nyingi utaulizwa kwanza una shilingi ngapi. Swali hilo linamfaa muuzaji kuliko mnunuzi. Kompyuta nyingi za gemu tulizo nazo majumbani hazikuundwa kwa ajili ya gemu hata kidogo. Ni mashine za ofisini zilizofanya kazi ya barua na hesabu huko Ulaya au kwingineko, zikauzwa kwa jumla, kisha zikatufikia kama mtumba. Chukua Dell OptiPlex 7010, iliyotoka mwaka 2012. Ikiwa na prosesa ya Core i5-3470, ramu ya GB 8 na diski ya SSD, bado inafanya kazi za kila siku bila kulalamika, ila gemu inaishinda kwa sababu haina kadi ya maana. Kwa mashine ya namna hii naona fedha iwe jambo la mwisho kuulizwa. Pawa saplai, kasha na prosesa vimeshaamua kadi gani inafaa kabla mnunuzi hajatoka nyumbani.

Umeme ndio wenye neno la kwanza. Sloti ndefu ya PCI Express, ile inayobeba kadi, haitoi zaidi ya wati 75. Kadi inayotaka zaidi ya hapo huletewa waya wake kutoka kwenye pawa saplai: plagi ya pini 6 huongeza wati 75, na ya pini 8 huongeza wati 150. Sasa fungua kasha la hiyo OptiPlex, lile kubwa la kusimama. Pawa saplai yake imeandikwa wati 275, na nyaya zake zinakwenda kwenye mazabodi, kwenye prosesa, kwenye diski na kwenye kisoma DVD. Waya wa kadi haumo. Toleo jembamba limepewa wati 240 tu. Hapo ndipo mafundi wengine hutoa adapta ya bei poa inayogeuza plagi ya diski, yaani SATA, kuwa pini 6. Adapta hiyo iogopwe. Upande wa volti 12, plagi ya SATA imekadiriwa kubeba ampea 4.5, sawa na wati 54, ilhali kadi iliyochomekwa kwenye pini 6 ina haki ya kuvuta 75. Ziada hiyo hupasha joto vipini vyembamba, na plastiki huweza kuanza kuyeyuka wakati macho yote ya mchezaji yako kwenye skrini.

Kuna atakayesema dawa ni kubadilisha pawa saplai. Ana hoja, hasa mwenye 7010 ya kusimama, kwa sababu plagi yake ya mazabodi ni ya kawaida ya pini 24. Lakini aliye na OptiPlex 9020, ya mwaka mmoja tu baadaye, atakuta mazabodi inataka plagi ya pini 8 ya Dell wenyewe, na HP EliteDesk 800 G1 ina yake ya pini 6. Adapta za kuunganisha zipo, ila kila adapta ni gharama na ni sehemu nyingine ya kuharibika. Halafu kuna pawa saplai mpya za bei ya kutupa zenye maandishi makubwa ya wati 500 kwenye boksi. Usiyaamini maandishi hayo. Soma kibandiko cha ubavuni, mstari wa volti 12: zidisha ampea zake kwa 12 uone wati halisi zinazobaki. Ukijumlisha pawa saplai nzuri, adapta na kadi kubwa, mara nyingi unakaribia bei ya mashine nyingine ya mtumba yenye prosesa mpya zaidi.

Kwa hiyo uwanja unabaki wa kadi zisizozidi wati 75, na si haba. GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 ni maarufu kwenye soko la mtumba. Tatizo lake ni umri: mwaka 2025 Nvidia ilitangaza kwamba familia hiyo haitapata draiva mpya za gemu baada ya Oktoba ya mwaka huo, itabaki na marekebisho ya usalama hadi 2028. GTX 1650 ya mwaka 2019 ina nguvu zaidi kwa umeme uleule, ingawa matoleo yake mengi yametiwa tundu la pini 6, basi iangalie kwa macho kabla ya kulipa. Kwa anayeweza kununua mpya, naona RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka Februari 2024, ndiyo iliyokaa vizuri zaidi: wati 70, kumbukumbu ya kutosha kidogo, na yapo matoleo mafupi yanayoingia kwenye kasha jembamba, mradi kasha lina nafasi ya kadi yenye unene wa sloti mbili. Isipokuwepo, inabaki RX 6400 nyembamba ya wati 53. Hii ina mtego wake. Inazungumza na prosesa kupitia njia 4 tu badala ya 16. Kwenye kompyuta mpya huwezi kugundua, kwa sababu kila njia ni ya kasi, lakini kwenye mashine za 2012, ambazo njia zake ni za kizazi cha tatu, kadi hubanwa pindi kumbukumbu yake ya GB 4 inapojaa. Arc A380 ya Intel nayo inavutia kwa bei, ila inategemea uwezo uitwao Resizable BAR, na Intel wenyewe wanashauri itumike na prosesa za kizazi cha kumi kwenda mbele. Kwa mashine yetu ni hasara.

Pingamizi zito zaidi ni la wanaosema nunua kadi kubwa leo, kesho utaihamishia kwenye kompyuta bora. Kama hiyo kesho ina tarehe na fedha yake ipo, sawa. Kama haina, mnunuzi analipia nguvu asizozipata. Prosesa ya i5-3470 ina kori 4, na ndiyo inayoandalia kadi kila fremu: magari barabarani, watu mjini, mpira unaodunda. Ikichelewa, kadi hukaa ikisubiri, iwe ya dola 150 au ya dola 600, na bei ya kadi inayosubiri hushuka kila mwaka. Kuna kipimo kisichogharimu kitu kwa mwenye kadi yoyote sasa hivi. Fungua gemu, hesabu fremu kwa sekunde, kisha shusha rezolusheni hadi ya chini kabisa. Fremu zikipanda sana, kadi ndiyo iliyokuwa inachelewesha. Zikibaki palepale, prosesa imefika ukingoni, na kadi mpya haitaongeza lolote.

Je, gemu mpya? Hapa sina la kumfariji mtu. Indiana Jones and the Great Circle ya mwaka 2024 na Doom: The Dark Ages ya 2025 hazifunguki bila kadi yenye vifaa vya kufuata miale ya mwanga, na kima cha chini kinachotajwa kinaizidi hata hiyo RTX 3050 ya GB 6. Anayezitaka hizo aweke akiba ya kompyuta nyingine. Lakini rundo kubwa la gemu zinazochezwa kweli, kama GTA V, eFootball, Counter-Strike na zilizotoka muongo uliopita, zinakaa vizuri kwenye kadi ya wati 75 ukipunguza mapambo.

Sokoni kwenyewe, kadi iliyochimba sarafu za kidijitali isikutishe sana. Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi Septemba 2022, na kilichochoka zaidi kwenye kadi hizo ni feni, ambayo hubadilishwa. Bandia ndiyo ya kuogopwa: chipu ya zamani kama GTS 450 huandikwa upya jina, Windows ikaiona kama 1050 Ti. Beba programu ya GPU-Z kwenye flashi, iendeshe palepale kwa muuzaji. Programu hiyo huzitambua bandia nyingi na kuziandika hivyo mbele ya jina. Na ukiwa hapo, geuza kadi utazame matundu yake. Monita nyingi zinazouzwa pamoja na mashine hizi ni za VGA, na kadi halisi zisizozidi wati 75 zilizotajwa hapa hazina VGA. Adapta ya HDMI kwenda VGA, ile yenye chipu ndani yake, iingie kwenye hesabu ya siku hiyohiyo.