Maneno ya Mkutanoni: Kwa Wazazi Wenye Watoto katika Elimu Maalumu

Usiku mmoja alinipigia simu mama mmoja mwenyeji wa Bukavu, anayekaa Fort Worth, huku akilia. "Papa Mwalimu, banamufukuza mutoto wangu!" Nilimwomba anisomee barua aliyopewa, herufi kwa herufi. Ilikuwa ni mwaliko wa mkutano, na katika jina la mkutano lilikuwamo neno ambalo katika kamusi maana yake ni kuondoshwa. Mama alikwisha kuamua asihudhurie. Nani aendaye kushuhudia mwanawe akifukuzwa?

Kumbe mkutano wenyewe ulikuwa wa kumsaidia mtoto. Ndipo nikaona yafaa niyaandike maneno haya, asije mwingine akalia bure.

La kwanza ni ARD. Hapa Texas hutamkwa kama neno moja, na sisi tuliosoma chuoni hudhani yatajwa ardhi. Hiyo ni kamati ya kuingiza, kupitia na kutoa. Lakini kinachosemwa ni kuingia na kutoka katika huduma ya elimu maalumu, si kutoka shuleni. Kamati hukutana angalau mara moja kwa mwaka, na mzazi ni mjumbe wake, wala si mgeni mwalikwa.

La pili ni IEP, yaani mpango wa mtoto mmoja peke yake. Humo huandikwa anachokiweza sasa, anachotazamiwa kukifikia katika mwaka, na msaada atakaopewa. Asili yake ni sheria aliyoitia saini Rais Gerald Ford tarehe 29 Novemba 1975, ambayo tangu 1990 huitwa IDEA. Kabla ya hapo, shule nyingi za Marekani ziliweza kumfungia mlango mtoto mwenye ulemavu.

La tatu ni FIE, uchunguzi kamili wa mtoto. Mzazi aweza kuuomba mwenyewe. Uombe kwa barua, uandike tarehe, na ubaki na nakala. Shule ina siku 15 za masomo kukujibu. Ukishatia saini ya ridhaa, ina siku 45 za masomo kumaliza ripoti. Kisha kamati ikutane ndani ya siku 30 za kalenda. Na jambo hili litufae sana sisi: kutojua Kiingereza peke yake si ulemavu, na mtoto hupimwa kwa lugha itakayoonyesha kweli anachokijua.

La nne ni 504, nambari ya kifungu cha sheria ya 1973. Hiki humpa mtoto nafuu, kama vile kuongezewa muda wa mtihani au kukalishwa mbele. Akiwa ahitaji kufundishwa kwa njia ya pekee, 504 peke yake haitamtosha.

Kwa nini nasisitiza barua na tarehe? Kwa sababu mwaka 2004 wakuu wa elimu wa Texas walianza kuzipima wilaya za shule kwa kiwango cha asilimia 8.5 ya wanafunzi katika elimu maalumu. Gazeti la Houston Chronicle lililifichua jambo hilo mwaka 2016, bunge la jimbo likalipiga marufuku mwaka 2017, na Januari 2018 serikali kuu ikatamka kwamba Texas ilikuwa imevunja sheria. Maelfu ya watoto walikosa haki yao katika miaka hiyo. Basi ukiambiwa "tungoje kidogo," jibu kwa adabu, lakini jibu kwa maandishi.

Nami nina langu la kukiri. Nilipokuwa nikifundisha Tanga nilikuwa na mvulana aliyeshika kila hadithi kwa kuisikia mara moja, lakini ukimpa kitabu, herufi zilimkimbia. Nilimwita mvivu, na fimbo niliitumia. Leo najua kuna hali iitwayo disleksia, na tangu 2023 sheria ya Texas yaitaja waziwazi kuwa ni ulemavu wa kujifunza. Yule kijana aliacha shule. Sina wa kumlaumu ila mwalimu wake.

Turudi kwa mama. Mkutano uliotangulia, mkalimani wake alikuwa bintiye wa miaka 12, naye alificha maneno yaliyomtia haya. Msikubali hivyo. Sheria yaitaka shule ihakikishe mzazi anafahamu yanayosemwa, hata kwa kuleta mkalimani. Safari hii tuliomba mapema, akapatikana kwa simu. Mama akasimamisha mkutano mara nne kuuliza, "Neno hilo maana yake nini?" Mwisho alisema hayuko tayari kukubali, kwa kuwa dakika za kufundishwa kusema zilikuwa chache mno. Kamati ikaahirisha, kwa kawaida mapumziko hayo hayazidi siku 10 za masomo. Waliporudi, dakika ziliongezwa.

Mtoto bado hasemi sana. Lakini juzi nilipokwenda kwao alinipokea mlangoni, akasema, "Shikamoo." Mama alimfundisha wiki nzima.

Wazazi wenzangu wa Dallas, Fort Worth na Houston, kuuliza si ujinga. Karatasi usiyoifahamu usiitie saini. Ichukue nyumbani, umtafute wa kukusomea. Mimi nipo, na wenzangu wapo. Wabillahi tawfiki.