Msafiri na Ndege Isiyo na Rubani

Miongoni mwa jamaa zetu wakaao ng'ambo, wako wajao kuwaona wazee wao Kasulu na Kibondo wakiwa na ndege ndogo isiyo na rubani, iitwayo droni, ili kupiga picha za vilima na za harusi. Chombo hicho kina sheria zake. Sharti mwenyewe apate kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, pamoja na ridhaa ya Wizara ya Ulinzi. Na maombi hupelekwa kabla ya safari, si kwa kubishana na afisa wa forodha uwanjani.

Huku jambo lazidi uzito, maana Burundi i karibu. Mahali pengine mpaka ni mto Malagarasi tu, na droni huuvuka upesi. Nao Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, kifungu cha 8, wakataza ndege ya namna hii kuingia anga ya dola nyingine bila ya idhini maalumu. Kibali cha Tanzania hakivuki mto.

Tena wako wakimbizi, waliopokewa Nyarugusu tangu 1996, na Nduta ilipofunguliwa upya 2015. Aliyekimbia huenda ana adui amtafutaye. Picha moja ikienea, yamwonyesha alipo. Hata uani kwa jirani, mgeni wa miguu hupiga hodi akangoja. Chombo hiki huchungulia toka juu, nao wanawake wamo katika kufua.

Asiye na kibali na akiache alikotoka. Wapiga picha za harusi wako hapa hapa Kasulu mjini.